Dawa, keratini au pasi: niliyoyaona kichwani mwangu mwenyewe

Dada uliyeuliza, umesema nywele zako ni za asili mwaka wa nne sasa, zinafika mabegani ukizivuta, na Desemba una harusi ya mdogo wako Mombasa. Saluni moja ya Kilimani, hapa Nairobi, imekutajia keratini ya kunyoosha nywele, shilingi 9,000, ikakuambia "haina kemikali". Mama yako anasema ukaweke dawa ya kawaida mtaani kwa elfu moja umalize maneno. Na binti yako wa miaka saba ameshasikia habari hizo, naye anataka zake zinyooshwe. Waliokutangulia kukujibu wametaja bei na muda ambao kila kitu hukaa. Mimi nitaanzia pengine. Nimeweka dawa miaka kumi na minne, keratini nimeweka mara mbili, na huu ni mwaka wa sita napiga pasi peke yake. Wifi yangu ana saluni Umoja, kwa hiyo mengine nimeyaona nikiwa nimekaa pale kwenye benchi la wanaosubiri zamu.

Nianze na hilo neno "haina kemikali". Aliyekuambia simlaumu sana, huenda naye ameambiwa hivyo na aliyemuuzia chupa. Lakini shika jambo moja: nywele za kipilipili zikioshwa kwa maji, zikakauka zenyewe, na bado zikabaki zimenyooka, basi kuna kitu ndani yake kimebadilishwa kwa kemikali au kimeunguzwa kwa joto. Hakuna njia ya tatu.

Unywele umejengwa kwa protini, na protini hiyo yenyewe ndiyo inayoitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vinavyoushikilia umbo. Kuna vyepesi, vya haidrojeni, ambavyo hulegea kwa maji au kwa joto na kujifunga tena unywele ukikauka au ukipoa. Ndiyo maana ukisuka twisti nywele zikiwa na majimaji hutoka na mawimbi mazuri, na mvua ikikukuta barabara ya Tom Mboya kabla hujapata matatu, mawimbi yote yanakwisha. Kuna na vizito, vya salfa. Hivyo ndivyo vinavyosaidia kipilipili kibaki kipilipili hata ukiosha kila siku, na maji hayaviwezi. Basi ukikaa kwenye kiti cha saluni yoyote, swali la kwanza ni hili: mnachoniwekea kinagusa vifungo gani? Fundi akishindwa kukujibu kwa maneno hayo, muulize kwa lugha ya nyumbani: nikiosha, zitarudi? Na zisiporudi, nitazirudishaje?

Dawa ya kawaida jibu lake liko wazi. Hazirudi, na hakuna wa kuzirudisha. Iliyopakwa dawa imepakwa, utangoja ziote nyingine kutoka kwenye ngozi halafu ukate zile za zamani. Nywele hukua kama sentimita moja na robo kwa mwezi, sasa piga hesabu ya kufika mabegani.

Mimi nilianza baada ya kumaliza Fomu Foo, yaani kidato cha nne. Wasichana wa Kenya waliosoma bweni wanajua: miaka minne kichwa kinanyolewa, halafu unamaliza mtihani, nywele zinaota kidogo, na mama anakushika mkono anakupeleka saluni. Kwetu hiyo ilikuwa kama kuvalishwa nguo ya ukubwani. Nilitoka saluni moja karibu na River Road nikijitazama kwenye kila kioo cha gari lililoegeshwa. Sitaki kudanganya kwamba haikuwa siku nzuri. Kitana kilipita kutoka mbele hadi kisogoni bila kukwama, jambo ambalo sikuwa nimelijua maishani.

Kinachofanya kazi hiyo ni kostiki soda, ile ile ya wanaotengeneza sabuni, ikiwa imechanganywa kwenye krimu. Huvimbisha unywele, hupenya ndani, hukata kile kifungo cha salfa na kuacha kingine kifupi mahali pake ambacho hakitarudi umbo la kwanza. pH yake hupita 12, wakati ngozi ya kichwa yako iko karibu na 5 na nusu. Mtu akikuambia uchukue ile isiyo na lai, yaani isiyo na kostiki, kwa sababu ni laini, mwambie ukweli wake ni nusu. Ile huwa ya kuchanganya, krimu yenye kalsiamu na maji ya kuamshia yenye guanidini, na ukali wake nao hupita pH 12. Inawasha ngozi kidogo kuliko ya kostiki, hilo ni kweli. Lakini ule mchanganyiko huzaa pia kalsiamu kaboneti, yaani chaki, ambayo hubaki kwenye nywele. Nilikaa miaka mitatu nikilalamika kwamba nywele zangu ni kavu kama majani ya mahindi, nikibadilisha mafuta, kumbe ni chaki iliyokuwa imejaa. Fundi wa kostiki akiwa mzuri, nywele hutoka laini zaidi. Fundi akiwa mbaya, unaungua zaidi. Hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Sasa nikueleze siku niliyoungua, kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho sijaona mtu akikitaja kwenye majibu mengine yote: maji.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saluni ya mtaani kwetu upande wa Donholm, imejaa hadi mlangoni. Nilikuwa nimefumua rasta usiku ule ule na nimejikuna kichwa chote, jambo ambalo fundi alipaswa kuniuliza na hakuniuliza. Akanipaka. Baada ya dakika kama kumi nikamwambia inawasha. Akasema ngoja kidogo, bado hazijashika. Nikangoja. Nilipomwambia mara ya pili, alinipeleka kwenye sinki, akafungua bomba, likatoa hewa. Maji yalikuwa yamepotea. Msichana mdogo akatumwa kwa jirani na mtungi wa lita ishirini, na nilisimama pale nikiwa nimeinamisha kichwa, nikihesabu. Dawa haijui kwamba maji yamepotea. Inaendelea kula. Lita ishirini zile ndizo zilizogawanywa kwa kuosha dawa, kwa shampuu na kwa kondishona. Jumatatu nilikwenda kazini na kigaga nyuma ya sikio la kushoto, na pale mahali, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, nywele hazijaota vizuri hadi leo.

Kwa hiyo mama yako akishinda na ukaamua dawa, usianze kwa kuuliza bei. Uliza kama kuna tangi, fungua bomba mwenyewe uone maji yakitoka. Sisi wa Nairobi tunajua siku zetu za mgao, usiende kuweka dawa siku ambayo mtaa ule hauna maji. Usioshe wala usikune kichwa siku mbili tatu kabla, na usifumue misuko leo ukaweka dawa leo. Kichwa kipakwe mafuta ya mgando, hasa kwenye paji, masikioni na shingoni. Muda ni ule ulioandikwa kwenye kopo, na kikianza kuwasha, muda umekwisha hata kama ni dakika ya tano. Kisha kuna shampuu ya kuzimua. Hiyo si anasa ya kuongezewa bei. Kazi yake ni kurudisha pH chini, na zipo zenye povu linalogeuka waridi dawa ikiwa bado imo kwenye nywele. Omba uoneshwe povu. Likiwa bado lina rangi, rudia.

Halafu kuna kuritachi. Ukishaanza, kila wiki nane au kumi utarudi, na ni zile sentimita mbili mbili na nusu mpya tu zinazopakwa. Fundi mwenye haraka hupaka kichwa kizima, kwa sababu kuchambua mizizi kunachukua saa nzima. Nywele zilizopakwa mara ya pili na ya tatu hukatikia katikati, na utaambiwa ni "nywele zako dhaifu". Hazikuwa dhaifu.

Na hizo mara za kurudi ndizo zilizonifanya niache, na miaka baadaye ndizo zilizonitia hofu. Oktoba 2022, watafiti wa taasisi ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497, wenye umri wa miaka 35 hadi 74. Waliokuwa wametumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia kabisa. Kwa hesabu yao, asiyetumia ana asilimia 1.64 ya kuugua kabla ya kufika miaka 70, na anayetumia mara kwa mara ana asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo huonesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hausemi dawa ndiyo iliyomuuguza fulani. Na asilimia nne bado ni watu wanne katika mia. Lakini nilipousoma, wakati huo nikiwa nimeshaacha, nilirudi nyuma nikahesabu: kila wiki nane ni mara sita kwa mwaka. Miaka kumi na minne. Kundi lile la "mara kwa mara" ndilo kundi la kila mwanamke wa Nairobi anayeritachi kama inavyotakiwa. Nilimpigia dada yangu simu usiku ule ule.

Keratini sasa, maana ndiyo uliyoitaja kwanza.

Niliiweka mara ya kwanza 2018, nilipokuwa nimeacha dawa na kichwa kina nywele za aina mbili, za asili juu na za dawa chini, zinakatikia pale zinapokutana. Nililipa shilingi 7,500 katikati ya mji, kwenye jumba la eksibishoni, lile la maduka madogo madogo, chumba kimegawanywa kwa mbao, hakina dirisha. Waliosha, wakapaka kwa brashi, wakakausha, kisha pasi ya nyuzi joto 230, kila shungi mara saba au nane. Moshi ulikuwa unapanda machoni. Mimi nililia, fundi alilia, mwenzangu wa kiti cha pili aliyekuwa anatengenezwa kucha alilia. Fundi alikuwa amejifunga leso puani. Wakati ule nilidhani ni ustaarabu wa kazi, sikujiuliza kwa nini mimi sikupewa.

Moshi ule una jina. Dawa nyingi za keratini hufanya kazi kwa fomaldehaidi. Keratini iliyoandikwa kwenye chupa ni protini ya kupaka juu, na fomaldehaidi ndiyo inayoifunga kwenye nywele zako na kuzishikilia zikiwa zimenyooka. Ikiwa ndani ya maji huitwa methilini glikoli, na hapo ndipo muuzaji husema kwa moyo mweupe kwamba fomaldehaidi haimo. Pasi ikipita, joto huigeuza kuwa gesi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu tangu 2004. Anayeivuta kwa wingi ni fundi kuliko wewe mteja wa mara mbili kwa mwaka.

Wifi yangu alifanya keratini kwa karibu miaka mitatu. Ilikuwa inalipa, vichwa viwili vya keratini ni kodi ya wiki nzima. Alianza kwa kukohoa jioni tu, kisha akawa anaamka usiku. Alihamisha kiti cha keratini akakiweka verandani, wateja wakalalamika kwamba wanaonekana na wapita njia. Mwishowe aliziondoa chupa zote, akapoteza wateja waliokwenda saluni ya ng'ambo ya barabara, na kikohozi kikaisha baada ya miezi miwili. Ninamtaja kwa sababu kila tukizungumza madhara ya nywele tunazungumza nywele zetu, na yule anayesimama nyuma yetu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku hatumhesabu.

Matokeo? Nikiri, yalikuwa mazuri. Si kunyooka kama dawa. Kwangu kipilipili kililegea kikawa mawimbi mapana, nywele zikang'aa, na kuchana kulichukua dakika tano. Kwa miezi mitatu unyevu wa Julai haukunigusa. Mwezi wa nne zilianza kurudi, lakini hazikurudi zote. Kule mbele, ambako nywele ni nyembamba na pasi ilipita mara nyingi, mashungi kadhaa yalibaki yamelala moja kwa moja kama nyuzi. Fundi alikuwa ameniapia kwamba keratini "inaisha yenyewe". Keratini iliisha, ila ule moto wa nyuzi 230 uliacha alama yake. Niliyakata. Wewe mwenye miaka minne ya nywele za asili, hapo ndipo penye hasara yako, na mtu wa Kilimani hawezi kukutajia kwa sababu haiko kwenye bei.

Mara ya pili nilitafuta ile inayouzwa kwamba haina fomaldehaidi kabisa. Ipo, na mara nyingi huwa na asidi ya glioksili. Haikuwasha macho hivyo, nikafurahi. Kisha Machi 2024 madaktari wa Ufaransa waliandika kwenye jarida la tiba la New England habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake ziliumia mara tatu, 2020, 2021 na 2022, na kila mara ilikuwa baada ya kunyooshwa nywele saluni kwa krimu yenye asidi hiyo. Waliijaribu krimu kwa panya, figo za panya nazo zikaingia chembechembe za kalsiamu oksaleti. Ni mgonjwa mmoja, lakini mara tatu. Na si peke yake, madaktari wa Israeli nao walikuwa wameandika juu ya wagonjwa wa figo waliotoka kunyooshwa nywele. Kwa hiyo chupa ikiandika kwa herufi kubwa kwamba haina kile, geuza nyuma usome ina nini. Tafuta majina mengine ya fomaldehaidi, yaani fomalini, methanali na methilini glikoli, na pia asidi ya glioksili, zote zitakuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Chupa isiyo na orodha, au iliyohamishiwa kwenye kopo jingine, usikubali ifunguliwe juu ya kichwa chako. Mimi siku hizi hata kondishona naenda kununua mwenyewe Dubois Road, naangalia tarehe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nabeba.

Mtu mmoja hapo juu amekutajia kunyoosha kwa Kijapani. Sitakaa hapo sana. Ile hutumia thaioglikoleti, kemikali ya familia moja na ile kari, dawa ya mikunjo, ambayo mama zetu waliweka miaka ya themanini, halafu pasi, halafu kizimuo. Ilibuniwa kwa nywele za huko na ni ya kudumu. Kwa kipilipili chetu ni hatari, na kuna jambo moja la kukumbuka kuliko yote: thaioglikoleti na dawa ya kostiki hazikai kichwa kimoja. Jirani yetu Buruburu, nikiwa mtoto, aliweka dawa juu ya kari. Nywele zilibaki mkononi mwa fundi wakati wa kuosha. Alivaa kitambaa mwaka mzima.

Ninachofanya mimi sasa ni pasi, ile wanayoiita silki presi. Haina kemikali ya kukata chochote, inalegeza vile vifungo vyepesi tu, na nikiosha nywele hurudi. Nalipa 2,000 hadi 2,500 kwa wifi, bei ya ndugu si ndogo sana kuliko ya mteja, na hukaa wiki mbili nikijifunga kitambaa cha satini usiku. Lakini usidhani pasi haina kosa. Kosa lake liko kwenye moto na kwenye haraka. Nywele zioshwe hadi zitoe mlio wa usafi, kondishona ikae chini ya mvuke, mafuta ya kukinga joto yapakwe, draya ikaushe kabisa mpaka mzizini, ndipo pasi. Mashungi yawe membamba, pasi ipite mara moja, ikizidi mbili. Ukisikia "chrrr" na kuona mvuke, mwambie asimame. Hayo ni maji yanayochemka ndani ya unywele, yanatoboa mapovu humo ndani, na pale penye povu ndipo utakapokatikia. Pasi iwe na namba ya nyuzi, si taa nyekundu tu. Mimi sipiti nyuzi 190, na mara moja kwa miezi miwili. Kati yake nasuka. Na stima ikipotea katikati, kama inavyopotea, usikubali kupigwa pasi nywele zilizokauka nusu ati kwa kuwa jenereta ya jirani inaweza pasi lakini haiwezi draya. Afadhali kurudi kesho.

Mama yangu alikuwa na kitana cha chuma alichokiweka juu ya jiko la makaa, akakigusisha kwanza kwenye kipande cha gazeti. Gazeti likibadilika rangi, anangoja. Wapo mafundi wenye vyeti ukutani ambao hawana subira ile.

Sasa Mombasa. Hapo ndipo shida ya pasi ilipo, na nimeipata. Miaka miwili iliyopita nilipigwa pasi Umoja Alhamisi jioni, Ijumaa nikapanda treni Syokimau. Ndani ya gari moshi nywele zilikuwa zinacheza mabegani. Tukashuka Miritini, ule upepo wenye unyevu ukanipokea mlangoni, na kabla sijafika Nyali mizizi ilikuwa imevimba. Usiku nilikuwa na nywele ambazo si za pasi wala si za asili. Vile vifungo vyepesi vimepata maji kutoka hewani na vimejirudia zake, ndivyo vilivyo, hakuna mafuta ya kuvizuia saa nane za sherehe.

Kwa hiyo kwako wewe, ningefanya hivi. Keratini kwa ajili ya siku moja, hapana, na dawa, hapana kabisa, kwa kuwa ungeuza miaka minne kwa picha za alasiri moja. Oktoba nenda upigwe pasi mara moja hapa Nairobi kwa fundi unayemwamini, uone nywele zako zinavyopokea joto, na ncha zikatwe. Safari ya Mombasa nenda na nywele zikiwa zimesukwa au zimefungwa kwa uzi, safi. Asubuhi ya harusi, huko huko Mombasa, zinyooshwe kwa draya na kitana tu, zivutwe nyuma zifungwe chini kwenye kisogo, na ua au kipini upande mmoja. Nywele zilizofungwa hata zikivimba kidogo huonekana zimejaa, hazionekani zimeharibika. Mafundi wa Mombasa wanaijua hewa yao, watakushika vizuri kuliko mimi. Ukitaka ziwe chini mgongoni zimenyooka siku nzima, vaa wigi zuri juu ya matuta yaliyosukwa bila kukazwa, na mbele usigundishwe kwa gundi kali, maana nywele za kwenye paji zikivutwa muda mrefu zikaondoka, huwa haziahidi kurudi.

Kama bado roho yako iko kwenye keratini, ni kichwa chako na sitakusema. Basi nenda saluni yenye madirisha mawili yaliyo wazi, soma chupa, ukatae nyuzi 230, na usiende ukiwa mjamzito au una pumu.

Binti yako ndiye aliyenifanya niandike usiku huu wote. Makopo yenye picha ya mtoto anayecheka, yaliyoandikwa ya watoto, mengi ni ile ile isiyo na lai niliyokueleza, pH yake iko juu vile vile, picha ndiyo tofauti. Akianza na miaka saba, akiritachi kama tulivyoritachi, atakuwa na miaka ishirini na moja akiwa ameshafika mahali nilipofika mimi. Usimpeleke. Wala usimpige pasi, nywele zake bado ni laini.

Lakini usimwambie tu hapana, kwa sababu anachotaka ni kuona urefu wa nywele zake na kuzirusha nyuma kama watu wazima. Hilo unaweza kumpa. Ijumaa jioni mwoshe, mpake kondishona ya kubaki, gawanya kichwa mafungu kumi na mawili, na ufunge kila fungu kwa uzi mweusi wa kusukia, kuanzia mzizini hadi nchani, kama shosho zetu, yaani bibi zetu, walivyotufunga. Usikaze hadi ngozi iinuke. Alale nao. Jumamosi asubuhi zikiwa kavu, fungua uzi mmoja mmoja mbele ya kioo, yeye mwenyewe akiwa ameshika mwisho wake. Zitashuka ndefu, zimenyooka kiasi cha kumtosha, bila moto na bila dawa, na binti yangu, aliyeanza akiwa na miaka sita, bado huhesabu nyuzi kwa sauti hadi wa kumi na mbili.